Usiushike Mshipi

Mshipi mpya wa kuvulia samaki una harufu yake. Ni harufu ya plastiki na mafuta ya cherehani, na kwa mbali kuna kitu kama soli ya kiatu ambacho hakijavaliwa bado. Wengine wakiisikia watakumbuka pwani. Mimi nakumbuka Batha, katikati kabisa ya Riyadh, mji ambao ukitaka kuiona bahari unapanda basi na kusafiri kutwa nzima. Duka la Ami Saleh lilikuwa kwenye kichochoro nyuma ya mabasi, limebanwa kati ya muuza mabegi na muuza kadi za simu, na pale mlangoni joto la nje na baridi ya kiyoyozi vilikupiga usoni kwa zamu. Aliuza mahema, majiko ya kambi, madumu ya maji, tochi, na kila kitu ambacho mtu wa mji anadhani atakihitaji akienda jangwani. Lakini ukiyapita hayo yote, ukainama chini ya mahema yaliyoning'inia, ukuta wa nyuma ulikuwa wa fimbo za kuvulia, zimesimama wima, nyembamba, vipete vyake vya kupitishia mshipi vikimeta gizani. Nilikuwa na miaka kumi, na mara ya kwanza nilipouona ukuta ule nilianza kunong'ona bila kuambiwa. Nilimwuliza Baba ni nani anayevua samaki Riyadh. Akasema, "Kila aliyetoka penye maji, mwanangu. Anavua kichwani."

Baba alikuwa mtu wa Tanga, wa Sahare, na Riyadh alifanya kazi ya ufundi wa mashine za eksirei katika hospitali moja. Mama alishona nguo nyumbani. Nilikuwa mtoto wao wa pekee, wa kike, na kwa miaka minne niliamini kwamba ile ghorofa yetu ya tatu, yenye ngazi za vumbi na jirani anayekaanga vitunguu saa zote, ndiyo makao yetu ya kudumu. Kisha mkataba wa Baba ukaisha, na mpya ukaja bila familia. Yeye abaki, mimi na Mama turudi Tanga shule zikifungwa. Ikama, kibali cha ukaazi, siku hizo ilikuwa kijitabu, na ndani ya kijitabu cha Baba kulikuwa na picha yangu na ya Mama. Sasa tungeondolewa humo. Hakuna aliyeniketisha kuniambia. Kwetu mtoto hapewi habari, anaziokota mwenyewe wakubwa wakizungumza juu ya sinia. Nilizisikia nikiwa na tonge mkononi, na nakumbuka nililiangalia tonge lile nisijue la kulifanyia. Niliumia, na nilikasirika zaidi ya nilivyoumia, maana tangu utotoni mimi ni mtu wa hasira kwanza, machozi baadaye.

Nadhani Baba aliuona uso wangu. Kesho yake alinipa ahadi: sitaondoka Saudia kabla sijavua samaki kwa mkono wangu. Ndege yetu ingepandiwa Jeddah. Yeye angetusindikiza mpaka kule, na siku moja kabla ya safari angenipeleka baharini na fimbo yangu mwenyewe. Nikaipokea ahadi ile, halafu nikaiongezea ya kwangu. Jioni, baada ya Magharibi, nilibaki kwenye mswala nikaweka nadhiri kwa sauti niliyoiona ndogo: nikimpata samaki, hatuondoki, na tusipoondoka, nitafunga siku saba. Nadhiri kwetu si mchezo. Bibi yangu aliwahi kuweka nadhiri ya mbuzi endapo Baba angepona surua, Baba akapona, mbuzi akachinjwa, na habari hiyo ilisimuliwa kila Idi. Sikuona sababu ya mkataba wa hospitali kuwa mgumu kuliko surua. Tangu jioni ile, kila kitu kuhusu fimbo, mshipi na rili ya kuukunjia kikawa kwangu jambo la kubaki au kuondoka, na niliyafuata mambo hayo kwa bidii ambayo mwalimu wangu wa hesabu hajawahi kuiona.

Tatizo ni kwamba Baba mwenyewe hakuijua fimbo. Sahare alivua kwa mkono: mshipi mnene, chubwi la risasi, ndoana na kipande cha ngisi. Unatupa, unauzungusha mshipi kwenye kidole, samaki akigusa unavuta mkono juu ya mkono bila kusita, kwa kuwa ukimpa nafasi ya kufikiri ameshakwenda zake. Fimbo, alisema, zilikuwa za kuchungia mbuzi. Lakini aliwahi kutumwa Jeddah kurekebisha mashine, na jioni aliwakuta watu juu ya mawe ya Kornishi, ufukweni mwa mji, wakirusha visamaki vya plastiki majini na kuvirudisha, wakirusha na kuvirudisha, na akili yake ya ufundi ikanasa pale pale. Alirudi Riyadh na visamaki vitatu ndani ya kiboksi. Nilichokipenda kilikuwa na urefu wa kidole changu cha kati, mgongo wa buluu, tumbo la rangi ya chungwa, na chini ya kidevu kiulimi cha plastiki kinachoangaza. Baba alikifunga uzi akakivuta ndani ya beseni la kufulia. Kiulimi kilisukuma maji, kisamaki kikazama, kikaanza kutikisa kiuno. Mama aliacha kushona akaja kutazama. "Huyo ana wasiwasi," alisema, "anamkimbia nani?"

Fimbo ya kwanza ililetwa na Anko Barasa. Alikuwa dereva wa familia moja ya mtaa wa Al-Malqa, Mkenya kutoka upande wa ziwa, Mkristo, mwenye kicheko kilichotangulia ngazini kabla yake. Ijumaa akiachiwa saa mbili za mapumziko alizimalizia kwetu, kwa sababu ya chapati za Mama na kwa sababu ya kusikia Kiswahili. Siku hiyo aliingia akiinamisha mti mrefu mweusi usigonge dari.

"Fundi, hii imekaa kwa stoo ya bosi miaka na miaka," alimwambia Baba. "Madam akasema itupwe. Nikamwambia mafi, hakuna kutupa, iko mtu wangu anaihitaji. Hii, wacha nikwambie, inatoa mbuta, samaki ya kilo hamsini, na usikie tu ni kama umetoa omena, hao dagaa wenu."

Tuliipeleka darini. Dari za nyumba zetu zilikuwa tambarare, zenye matangi ya maji na masahani ya televisheni, na baada ya Alasiri kivuli cha matangi kilitupa nafasi ya kusimama. Baba alizing'oa ndoana za kile kisamaki kisinidhuru, akafunga mshipi mnene, akanionyesha nilivyopaswa kurusha. Nikarusha kwa nguvu zangu zote. Kisamaki kilianguka miguuni pangu. Baba akajaribu, kikaruka mpaka kwenye tangi la kwanza, kama hatua sita. Anko Barasa naye akajaribu, akasema upepo ni mbaya, ingawa hapakuwa na upepo. Wanaume wawili wazima walisimama pale wakiikodolea macho fimbo ile, wote wawili watoto wa penye maji, na kila mmoja akawa na hakika kwamba dawa ni mshipi mnene zaidi. Hilo ndilo kosa la watu waliokulia kwenye mshipi wa mkono: kwao zana ikikataa, inaongezwa unene.

Namshukuru Mungu kwamba Baba alikuwa fundi, na fundi mzuri haoni aibu kusoma maandishi. Jumanne iliyofuata aliiweka fimbo mapajani akaigeuza polepole, na juu kidogo ya mpini akakuta namba ndogo zilizofifia. Zilikuwa za uzito wa chambo. Kisha akaenda jikoni akarudi na bakuli la sukari na mizani ndogo ya Mama ya keki. Akakipima kisamaki changu. Kilikuwa sawa na kijiko kimoja na nusu cha sukari. Halafu akamimina kwenye mizani sukari ambayo fimbo ya Al-Malqa iliitaka, akamimina, akamimina, mpaka Mama akampokonya bakuli. "Unaona?" aliniambia, na macho yake yaling'aa kwa furaha ya mtu aliyeugundua ugonjwa. "Si wewe. Si mkono wako. Fimbo hii haikisikii kabisa kisamaki chako. Ili fimbo irushe lazima kwanza chambo kiipinde, na hiki hakiwezi kuipinda." Sijui kama alijua jinsi maneno yale yalivyonituliza. Kwa siku nne nilikuwa nimeamini kwamba nadhiri yangu imekataliwa.

Hivyo ndivyo tulivyoanza kwenda Batha kila Alhamisi, kwani siku hizo mapumziko ya wiki yalikuwa Alhamisi na Ijumaa. Ami Saleh alikuwa Myemeni mzee mwenye ndevu zilizopakwa hina, na Kiarabu alichozungumza na wageni kilikuwa kile cha vipande vipande ambacho Batha nzima ilikitumia. Baba alipoiomba fimbo imara, mzee alinitazama mimi kuanzia viatuni, akatikisa kichwa. "Kabir, mafi kwais," alisema. Kubwa si nzuri. Akanikabidhi fimbo moja moja, akanifunza kuishika, kisha akaivuta ncha kwa vidole viwili huku akiitazama inavyojipinda. Nyingine zilikuwa ngumu mpaka nusu, nyingine zililegea mpaka mpinini. Aliyoichagua ilijipinda kuanzia nchani ikashuka taratibu mpaka theluthi moja, ikaishia hapo, na alipoiachia ilirudi mara moja bila kutetema. Ilikuwa ndefu kunizidi mimi kwa kiasi cha mkono, ya kijivu, na nyepesi hata nikahisi sijashika kitu. Alimweleza Baba kwa ishara na maneno machache: ndoana za kisamaki ni ndogo, zinashika ngozi nyembamba ya mdomo, fimbo ngumu itazing'oa, ncha laini itampa samaki nafasi ya kuhangaika bila kuchanika. Baba alisikiliza kwa heshima, mikono nyuma, namna alivyowasikiliza madaktari.

Rili ilichukua Alhamisi mbili. Baba aliipenda kubwa, ya kung'aa, yenye meno ya chuma. Ami Saleh aliifunga kwenye fimbo yangu, akaweka kidole kimoja chini ya mpini, na fimbo ikaangukia upande wa rili. Akafunga ndogo, akarudia, na fimbo ikalala juu ya kidole chake imetulia. Kisha alinionyesha breki yake, kifundo cha juu ambacho ukikilegeza mshipi unatoka kwa kusita samaki akivuta, na akanifanya nikikaze na kukilegeza mara nyingi mpaka mkono wangu ukakizoea. Ugomvi wa kweli ulikuwa wa mshipi. Baba alishika nailoni nene, mzee akamletea mshipi wa kusokotwa, wa kijani, mwembamba mno.

"Huu uzi wa cherehani!" Baba alisema kwa Kiswahili, akasahau alipo.

Mzee hakuelewa lakini alielewa. Mshipi mnene, alituonyesha kwa vidole hewani, unakwaruza vipete, unashikwa na upepo, na majini unakibeba kisamaki juu kisizame. Huu mwembamba utakwenda mbali na kukiacha kizame. Ubaya wake ni kwamba haunyumbuki hata kidogo, na ndiyo maana fimbo lazima inyumbuke kwa niaba yake. Baba alipeleka kipande chake nyumbani, kwa hakimu anayemwamini. Mama aliupeleka mwangani, akaupitisha kwenye kucha, akauzungusha viganjani akavuta, kisha akauachia haraka na kutuonyesha alama nyekundu. "Uzi wangu wote haufikii huu," alisema. "Ila ni mkali. Huu si wa kushika." Wiki iliyofuata tuliununua, na Ami Saleh akaujaza kwenye rili karibu na ukingo, akabakiza unene wa sarafu, maana ukijaa mno unamwagika na ukipungua haurushi mbali.

Baada ya hapo siku ziliingiana. Ninapoukumbuka msimu ule siwezi kuutenga katika wiki. Nauona kama alasiri moja ndefu ya rangi ya vumbi, adhana zikipokezana kutoka msikiti hadi msikiti, mashine za viyoyozi zikinguruma chini ya miguu yetu, nami nimesimama kati ya matangi nikikirusha kisamaki kisicho na ndoana kuelekea beseni la kufulia lililowekwa upande wa pili wa dari. Kilikuwa kinaruka. Kilitoka kwenye fimbo kwa mlio mwembamba, kikapita juu ya masahani, kikaning'inia kidogo hewani, na nilihisi hakitashuka. Niliota nikirusha na niliporusha niliona niko ndotoni. Mabegi yalikuwa yamekwisha kutolewa juu ya kabati chumbani kwetu, yamefunguliwa vinywa, na Mama aliweka kitu kimoja kimoja humo kila siku, lakini mimi nilipita kando yake kama vile ni mabegi ya watu wengine. Nilikuwa na hakika. Sijawahi tena kuwa na hakika namna ile juu ya jambo lolote.

Kwa kuwa hatukuwa na samaki, Baba alijifanya samaki. Alikishika kisamaki upande wa pili wa dari akavuta, akakimbia kushoto, akakimbia kulia, akajificha nyuma ya tangi, na Anko Barasa akiwepo alishangilia mpaka majirani wakachungulia. Somo lilikuwa moja na Baba alilirudia kila siku. "Usiushike mshipi. Samaki akigonga, mikono yako miwili ni ya fimbo na rili tu. Mwache avute. Fimbo inajua kazi yake." Alilisema kwa ukali kidogo, na sasa naona alikuwa anajikataza mwenyewe, mwanamume aliyevuta mkono juu ya mkono tangu meno yake ya kwanza. Mimi nililishika. Nilijua kwamba nikiugusa ule uzi wa kijani nitakuwa nimeupoteza mji, ghorofa, na Baba.

Tulifika Jeddah jioni, tumevunjika migongo, tukachukua chumba mtaa wa Kandara juu ya duka la mablanketi, karibu na kituo cha zamani cha mabasi. Hewa ilikuwa nzito na yenye chumvi, na Baba alisimama dirishani akiivuta kwa pua kama mtu anayenusa chakula. Kesho yake baada ya Alasiri tulikwenda Kornishi. Mama aliketi kwenye mkeka na chupa ya chai, buibui lake likipepea. Mimi na Baba tukashuka juu ya mawe. Bahari ya kule jioni inalala. Ilikuwa ya kijani karibu na mawe na ya buluu nzito palipoanza kina, na mstari kati ya rangi hizo mbili ulinyooka vizuri. "Rusha upite mstari," Baba alisema. Ndoana sasa zilikuwa mahali pake. Nilirusha, kisamaki kikaenda, kikaenda, kikatua mbali kuliko beseni lolote nililowahi kulilenga. Nikaanza kukunja taratibu, na kwa mara ya kwanza nikahisi maji: mtetemo mdogo usiokoma, ukipita kwenye mshipi, kwenye fimbo, mpaka ndani ya kiwiko changu.

Sijui nilirusha mara ngapi. Jua lilikuwa limeshuka na kuwa jekundu wakati mtetemo ulipokatika ghafla na fimbo ikainama. Rili ilianza kulia. Nilipiga kelele isiyokuwa na neno lolote ndani yake. Kolekole alitokeza ubavu juu ya maji mara moja, mweupe wa fedha, mkubwa kuliko sahani, akazama. Nilifanya kila nilichofundishwa: fimbo juu, mikono miwili, breki inatoa kwa kusita. "Mwache," Baba alikuwa akisema karibu na sikio langu, "mwache, mwache, hivyo hivyo, mama, mwache avute." Samaki aligeuka. Nikakunja. Alikaribia mpaka nikaliona jicho lake. Hatuondoki, nilisema moyoni, hatuondoki, hatuondoki. Na hapo ndipo mkono wa Baba ulipopita mbele ya uso wangu. Uliudaka mshipi, ukauzungusha mara mbili kwenye kiganja, ukavuta kwa nguvu, mkono juu ya mkono, kama Sahare.

Mshipi haukunyumbuka na fimbo haikuwa tena na kazi. Kisamaki changu kilitoka majini kikiruka, ndoana zake zikiwa na kipande kidogo cha ngozi, kikatupiga kifuani sote wawili. Maji yakafunga. Damu ilikuwa ikitiririka kwenye kiganja cha Baba na kudondoka juu ya jiwe, naye hakuitazama. Alitazama pale samaki alipokuwa. Nikamgeukia. Nilimwambia kwa sauti ambayo hata wavuvi wa mbali waligeuka, "Umefanya makusudi! Wewe hutaki tubaki! Unataka tuondoke!" Mama alikuja juu ya mawe bila viatu, akamfunga Baba mkono kwa ncha ya mtandio wake, akanitazama mimi, akamtazama yeye. Siku iliyofuata tulipanda ndege. Sikumkumbatia vizuri uwanjani, nilimpa bega.

Nililibeba bega lile miaka mingi kuliko inavyopendeza kukiri. Baba aliendelea na kazi Riyadh, akaja nyumbani mwezi mmoja kila mwaka, na kila alipokuja tulikuwa na adabu sana. Alileta zawadi, nilishukuru. Hatukuvua tena. Alistaafu, akarudi Tanga moja kwa moja, na ilipofika hapo mimi nilikuwa nimeshasoma, nimeolewa, nimeachika, na nimepata mkataba wa maabara katika hospitali nyingine ya Riyadh. Ndiyo, Riyadh. Nilijiambia ni kazi tu. Binti yangu Rukia nilimwacha kwa wazazi wangu, kwa kuwa mkataba wangu nao haukuwa wa familia.

Mji si ule. Ikama imo ndani ya simu. Ninaendesha gari mwenyewe kwenda kazini, jambo ambalo Mama hakulifikiria hata kwa utani, na Al-Malqa ya Anko Barasa imejaa mikahawa ambapo kahawa inaletwa na maelezo marefu. Mwezi uliopita nilikwenda Jeddah na wenzangu wa maabara kupumzika. Kornishini kulikuwa na wasichana wakivua, abaya zimekunjwa mikono, na fimbo nzuri ambazo siku hizi duka linakupangia kwa uzito wa chambo, hakuna haja ya sukari wala mizani. Msichana mmoja alikuwa anahangaika na kisamaki chepesi kwenye mshipi mnene. Nilimweleza, nikamsaidia kuubadilisha, akarusha, akacheka. Nilisimama pale nikiwa na furaha kabisa kwa muda mfupi, halafu nikampigia Baba simu, sijui hata nilitaka nini.

Nilimwambia niko Kornishi. Akasema, kana kwamba tulikuwa katikati ya mazungumzo hayo hayo tangu siku ile, "Mama'ko alikusikia, unajua. Ulivyoweka ile nadhiri. Akaniambia."

"Uliijua?"

"Niliijua tangu siku ya kwanza. Na nilijua mkataba hauna habari na samaki. Mimi ni mtu wa mashine, mwanangu, karatasi nazifahamu. Nikasema nimpe mtoto furaha yake tu, basi. Lakini alipogonga yule kolekole, nilipomwona karibu vile, akili yote ikanitoka. Nikasema huyu hatoki. Nilimtaka yule samaki kuliko ulivyomtaka wewe."

Nilikaa chini juu ya jiwe. Nililia hadharani, mtu mzima, na msichana yule wa fimbo akaniletea maji. Miaka yote nilikuwa nimemlaumu mtu kwa kutotaka, na kumbe kutaka kwake ndiko kulikomwaga damu ile. Nilipoweza kusema nilimwomba radhi, naye akasema halas, yamekwisha, neno alilorudi nalo kutoka huku na ambalo hajaliacha. Nikamwuliza Rukia anasemaje, kama anauliza nitarudi lini. Mkataba wangu mpya ulikuwa mezani Riyadh, miaka mingine miwili, nami nilikuwa nimepanga kutia saini.

"Alikuwa akiuliza kila Ijumaa," Baba alisema. "Sasa haulizi."

"Amezoea?"

"Sijui kama ni kuzoea. Wewe ulinipigia kelele mbele za watu, na mimi nilijua mwanangu bado yupo. Huyu hapigi kelele."

Jumapili asubuhi niliingia ofisi ya wafanyakazi nikaurudisha mkataba bila saini. Bwana wa pale, kijana mpole ambaye amenitendea wema mara nyingi, aliniuliza kama ni mshahara. Nikamwambia si mshahara, ni binti yangu, ana miaka tisa. Akaweka kalamu chini akauliza kwa huruma kama anaumwa. Nikamwambia hapana, mzima kabisa, ila ameacha kuuliza.